W124, E34 au Mark II: gari la difu nyuma la kubeba familia na kuburudisha dereva

Swali: "Fundi, shikamoo. Nina watoto wawili, wa miaka saba na minne. Mama yao amekubali gari letu linalofuata nilichague mimi, mradi liwe na milango minne na buti la kutosha. Mapenzi yangu ni magari ya difu nyuma tangu utotoni. Baada ya kutafuta sana nimebakiwa na matatu (W124, E34 na JZX90 ni namba za kiwanda za matoleo yake): Mercedes 300E ya W124, otomatiki, BMW 525i ya E34 ya mwaka 1991, gia za mkono, na Toyota Mark II ya JZX90, injini ya 2.5 isiyo na turbo, otomatiki. Bei zake hazipishani sana. Kazi ndogo ndogo nafanya mwenyewe Jumamosi, nina jeki, stendi na boksi la spana. Nataka gari litakalonifundisha kuendesha, maana la kunifikisha tu ninalo. Nichukue lipi? Au ningoje nipate lenye turbo?"

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Magari hayo matatu nimeyaendesha yote, nimeyalalia chini yote, na mojawapo niliishi nalo miaka kumi na moja. Lakini kabla sijataja jina, nikueleze kwanza mimi huchaguaje gari la umri huo. Watu wengi hulinganisha sifa: lipi lina nguvu, lipi zuri, lipi lina heshima. Gari lililozidi miaka thelathini sifa zake zinajulikana na kila mtu, na zote tatu ulizotaja zina sifa za kutosha. Mimi hutazama ugonjwa. Kila moja lina ugonjwa wake wa ukoo, ambao utaupata ukinunua leo au mwakani. Jiulize ni ugonjwa upi unaouweza wewe, kwa spana zako na Jumamosi zako, na bado ukalipenda gari siku inayofuata.

Kwanza ujue yanafanana wapi, maana yanafanana kuliko watu wanavyodhani. Yote matatu yana silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, bloku ya chuma cha kusubu na hedi ya alumini. Injini imekaa kwa urefu wa gari, nyuma yake giaboksi, kisha propela (shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma), kisha difu. Katika silinda sita za mstari pistoni hupanda wawili wawili: ya kwanza na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne, na misukumo yake hufutana yenyewe. Ndiyo maana injini hizi hazihitaji shafti ya kusawazisha, na ndiyo maana ukizoea mlio wake mwororo, injini ya silinda nne itakuwa inakukwaruza masikio. Nguvu zake kwenye karatasi ni za ndugu: 300E ina farasi 180 hivi ikiwa na katalisti (kifaa cha kusafisha moshi), 525i ya injini ya M50 ina 192, na 1JZ-GE ya Mark II ina 180. Ukubwa pia. Mercedes ina urefu wa milimita 4,740, BMW 4,720 na Toyota 4,750.

Tofauti inaanzia kwenye tabia ya injini. M103 ya Mercedes ina lita 3.0, kipenyo cha silinda milimita 88.5 na mwendo wa pistoni 80.2, inavuta mapema na haipendi kelele. M50 ya BMW ni 84 kwa 75. 1JZ ya Toyota ni 86 kwa 71.5, na mwendo mfupi namna hiyo maana yake ni injini inayopenda kuzunguka. Kwa bahati mbaya, kwenye gari uliloliona, injini hiyo yenye hamu ya kukimbia imefungwa nyuma ya otomatiki ya gia nne iliyotengenezwa kwa ajili ya utulivu. Shika hilo, tutalirudia.

Tuanze na Mercedes. W124 ilitoka mwishoni mwa 1984, na sedani zikaendelea hadi 1995. Mkuu wa usanifu wakati huo alikuwa Bruno Sacco, na mpaka leo sijaona gari la familia lililofikiriwa kwa kina namna hii. Itazame waipa yake: ni moja tu, lakini mtambo wake huisukuma nje inapofika kwenye kona za kioo na kuivuta ndani inapopita katikati, ili ifute karibu kioo chote. Boneti lake lina hatua ya pili, linasimama wima kabisa, na fundi anaingia mzima kwenye injini bila kugonga kichwa. Milango yake unaijua. Ukiifunga unasikia sanduku zito limepata kifuniko chake.

Chini, nyuma, kila gurudumu limeshikwa na mikono mitano. Mfumo huo Mercedes waliuanza kwenye 190 ya mwaka 1982, na faida yake ni kwamba tairi hubaki limesimama vizuri barabarani gari likiinama kwenye kona au likiwa limejaa mizigo. Ukiwa na watoto nyuma na buti la lita 520 limeshindiliwa, hakuna kati ya haya matatu litakalotulia kama hili kwenye barabara ndefu yenye mawimbi.

Ila halikuhimizi. Usukani una sanduku la gia la gololi, unageuka kwa mizunguko mingi, na katikati umelegea kidogo hata ukiwa mzima. Pedali ya gesi ina safari ndefu na nzito. Otomatiki yake ya gia nne, ukikanyaga taratibu, huondoka kwa gia ya pili. Gia ya kwanza huingia ukikandamiza gesi. Gari lote linakwambia tulia, tutafika. Dereva anayetaka kujifunza atafundishwa uvumilivu na kusoma barabara mbali, masomo mazuri kweli, lakini nadhani si hayo uliyoniuliza.

Ugonjwa wake? Miwili. Wa kwanza ni sindano ya mafuta ya KE-Jetronic. Huu ni mfumo wa zamani unaopima hewa kwa sahani inayonyanyuka na kugawa petroli kwa mtambo wa chuma wenye mabomba sita membamba, kisha umeme kidogo unakuja kurekebisha. Ukiwa mzima unadumu miaka. Ukianza kuumwa, gari linagoma kuwaka likiwa la moto, au linatikisika taa nyekundu inapokusimamisha, na sababu inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, akiba ya presha ya petroli iliyokufa, au mtu aliyegusa skrubu asiyoijua. Kutibu kunahitaji geji ya presha na mtu aliyewahi kuushika. Hilo unaweza kujifunza, lakini si kwa Jumamosi mbili. Ugonjwa wa pili ni kutu iliyojificha: kwenye vituo vya jeki, chini ya viti vya springi za mbele, kwenye madigadi, na kwenye magari ya baada ya marekebisho ya 1989, nyuma ya zile plastiki pana za ubavuni. Nje gari linang'aa, ukilibandua plastiki unakuta ungo. Moshi wa buluu wakati wa kuwasha asubuhi usikutishe sana. Mara nyingi ni sili za valvu zimekuwa ngumu. Na ukisikia watu wanalia kuhusu nyaya za injini zinazomenyeka zenyewe, hao wanazungumzia zaidi magari ya mwisho, ya 1992 hadi 1995. 300E ya M103 imeukwepa msiba huo kwa sehemu kubwa.

Sasa BMW, na hapa nitakaa kidogo.

E34 ilitoka 1988. Kwanza 525i ilikuwa na injini ya M20, valvu kumi na mbili na mkanda wa taimingi. Kuanzia 1990 ikaja M50, valvu ishirini na nne, kemshafti mbili (shafti za kufungulia valvu) na cheni. Yako ya 1991 inapaswa kuwa M50, lakini fungua boneti ujionee mwenyewe, maana tarehe ya kusajiliwa na tarehe ya kutengenezwa si kitu kimoja. M50 haina taabu ya kurekebisha valvu, kila plagi ina koili yake juu yake, na chujio la oili linafunguliwa kutoka juu bila kulala chini. Mfumo wa VANOS, unaosogeza taimingi ya kemshafti, ulikuja mwaka 1992. Wa kwako haunao, na kwako naona ni nafuu, kwa kuwa ni kifaa kimoja pungufu cha kuzeeka.

Kaa kwenye kiti chake. Dashibodi imeinamia kwa dereva. Pedali ya gesi imefungwa sakafuni kwa bawaba, hivyo mguu mmoja unaweza kukanyaga breki kwa vidole huku kisigino kikichokoza gesi unapopunguza gia. Gia ya mkono haina haraka, lakini kila gia inaingia kwa kauli. Na jambo la kuendesha difu nyuma, ambalo kwenye vitabu linachosha, hapa unalisikia kwa makalio: tairi za mbele zinageuza tu, za nyuma zinasukuma tu, na kila moja inakuletea habari zake kwa njia yake.

Nyuma E34 ina mikono miwili tu, mmoja kila upande, imewekwa mshazari. Ni mfumo wa zamani kuliko ule wa Mercedes na una udhaifu unaojulikana: uzito ukihama, pembe ya tairi nayo inabadilika. Ukiwa kwenye kona, umekanyaga gesi, kisha ukaiachia ghafla, nyuma ya gari inakuwa nyepesi na inataka kujongea nje. Haifanyi hivyo kwa ukatili. Inaanza taratibu na inakuambia kabla. Mtu akiwa na hofu ataliita hilo kosa. Mimi naliita somo. Hakuna gari katika haya matatu litakalokuonyesha wazi zaidi kwamba mguu wako wa kulia nao ni usukani. Jifunzie mahali peupe pasipo na watu wala nguzo, lami ikiwa na maji ili mwendo mdogo utoshe, na watoto wakiwa nyumbani.

Ugonjwa wake mkubwa ni joto. Injini yenyewe ni imara, lakini vitu vinavyoipoza vingi ni vya plastiki: shingo ya rejeta, nyumba ya thamostati, na kwenye pampu nyingi hata lile pangaboi la ndani. Plastiki iliyochemshwa na kupoa kwa miaka mingi huwa kama biskuti. Siku moja shingo inakatika, maji yanamwagika yote kwa dakika mbili, na usipotazama mshale hedi ya alumini inapinda. Ndiyo sababu utakuta E34 nyingi zimeuzwa kwa bei ya kutupa zikiwa na injini ambayo ingeweza kwenda mbali sana.

Lakini tazama ni ugonjwa wa namna gani. Unatabirika, unazuilika, na spana zako zinautosha. Rejeta mpya, pampu yenye pangaboi la chuma, thamostati na nyumba yake, mipira yote, mkanda, na klachi ya feni ukiona feni inazunguka bila ukinzani injini ikiwa ya moto. Ni kazi ya Jumamosi moja ndefu. Kinachowashinda wengi ni kutoa hewa baada ya kujaza. Nyanyua pua ya gari, washa swichi bila kuwasha injini, weka hita kwenye moto wa mwisho ili valvu zake zifunguke, fungua skrubu ya kutolea hewa iliyo juu, kisha mimina polepole mpaka maji yatoke pale bila povu. Funga, washa, subiri ipate moto, zima, iache ipoe kabisa, fungua tena uongeze. Anayeharakisha hatua hii huacha kiputo kwenye hedi, na wiki inayofuata analaumu gari.

Ugonjwa wa pili wa E34 ni kutikisika kwa usukani kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa, hasa ukigusa breki. Kisa chake kinakufaa. Mteja mmoja aliniletea 525i ambayo karakana fulani ilikuwa imeibadilishia mikono ya mbele mara mbili ndani ya mwaka, na bado inatikisika. Nilianza na rimu. Zilikuwa za E39, BMW iliyofuata E34, nzuri, zimeingia kwenye bolti tano kama zimezaliwa pale. Lakini tundu la katikati la rimu za E39 ni milimita 74.1, na habu ya E34 ni 72.6. Rimu hazikuwa zimekaa kwenye habu, zilikuwa zinaning'inia kwenye bolti. Ringi nne za kujazia pengo hilo zikamaliza nusu ya mtikisiko. Nusu nyingine ilikuwa bushi za mikono ya juu, ambazo zilikuwa mpya na tayari zimechanika. Nilipoziangalia karibu nikaona mpira umesokoteka upande mmoja. Zilikuwa zimekazwa gari likiwa juu ya lifti, magurudumu yananing'inia. Gari liliposhushwa, mpira ukapindwa, na ukaanza safari yake ukiwa umepindwa. Bushi hizo hukazwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Nilimwekea zile ngumu za 750i ya E32, BMW kubwa ya wakati ule, zinaingia bila kuchonga kitu, nikakaza gari likiwa chini. Akaondoka ameshika usukani kwa vidole viwili.

Nimekisimulia kwa urefu kwa sababu magari haya yanaharibiwa jina na kazi za haraka kuliko umri wenyewe. Mtu mwenye jeki, stendi na subira, kama wewe, anaweza kulitendea E34 mema kuliko karakana yenye haraka.

Mark II. JZX90 ilitengenezwa 1992 hadi 1996, na ina ndugu wawili wa tumbo moja, Chaser na Cresta. Mark II na Chaser vioo vya milango havina fremu, Cresta inazo. Kwa hiyo Cresta mara nyingi ni kimya zaidi ikizeeka, kama utaikuta. Kiufundi chini ya gari hili pana mfumo wa kisasa kuliko wote: mikono miwili ya pembetatu, juu na chini, kwa magurudumu yote manne, na usukani wa reki badala ya sanduku. Injini ya 1JZ ukiitunza oili na joto haina historia mbaya. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukiufungua huko mbele badili na pampu ya maji na sili, usirudi mara mbili. Gasketi za vifuniko vya valvu zikichoka oili inajaa kwenye mashimo ya plagi na injini inaanza kukosa. Plastiki za soketi za nyaya zinakuwa dhaifu kwa joto, zichomoe kwa upole. Basi, hayo ndiyo ya injini.

Ugonjwa halisi wa Mark II ni watu. Gari hili limekuwa udongo wa mfinyanzi kwa vijana wa kutelezesha gari kwa makusudi (drifti) kwa miongo miwili, na lile ambalo halijaguswa limekuwa adimu. Utakuta springi zilizokatwa kwa msumeno, waya za stereo zimechomekwa kwenye waya za injini, difu iliyochomelewa ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Hilo la difu lipime hivi: zungusha usukani hadi mwisho, tembea polepole duara ndogo kwenye lami kavu. Ukisikia tairi za nyuma zinaruka ruka na kulia, difu imefungwa, na gari hilo si la watoto. Tena, kwa kuwa toleo hili liliuzwa hasa nchini Japani, spea za bodi na urembo wa ndani zinatafutwa kwa taabu, ingawa za injini zipo kwa wingi kwa sababu familia ya 1JZ ilitumika pia kwenye Crown, Soarer na Supra.

Ukipata iliyo safi ni gari zuri sana la kujenga. Ila wewe hukuniambia unataka kujenga. Umeniambia unataka kufundishwa. Mark II ya 2.5 otomatiki imerekebishwa na kiwanda iwe laini: springi laini, usukani mwepesi usio na habari nyingi, giaboksi inayowahi kupanda gia. Ubora wote ule wa chini umelazwa usingizi. Kuuamsha utahitaji shokapu, bushi, giaboksi ya mkono, pengine na difu, na hapo umekwisha kununua gari la pili.

Kuhusu turbo, usingoje. Naielewa hamu. 1JZ-GTE, yaani 1JZ yenye turbo, ilikuwa na farasi 280, na toleo la 1996 lenye turbo moja na VVT-i (mfumo wa kusogeza taimingi ya kemshafti) linatoa nyutoni-mita 378 kuanzia mizunguko 2,400 tu. Likikusukuma mgongoni hulisahau. Lakini gurudumu la moto la zile turbo mbili za kiwandani za kabla ya 1996 ni la kauri, na kauri haivumilii presha kuongezwa. Wamiliki wengi waliiongeza. Utanunua gari usilojua lilichemshwa mara ngapi. Na la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi: nguvu nyingi huficha makosa ya dereva anayejifunza. Ukikosea gia, turbo inakusamehe kwa kukuvuta. Injini ya farasi 192 isiyo na turbo haikusamehi, inakuonyesha kwamba ulipaswa kushuka gia kabla ya kona. Miaka miwili ya namna hiyo itakufanya mtu mwingine.

Najua mtu atasema mbona sikutaja Volvo 940 au Nissan Laurel. Volvo ina ekseli ya kipande kimoja nyuma, buti kubwa, injini ya kudumu, na ni gari la upendo wa namna nyingine. Dereva anayetafuta habari kwenye usukani hatazipata pale. Laurel ya C33 na C34 ni jirani wa Mark II na maneno yangu ya Mark II yanaitosha.

La watoto lisipite kimyakimya. Haya yote yalitengenezwa kabla ya ISOFIX (vishikizo vya kiwandani vya kufungia viti vya watoto), kwa hiyo viti vyao vitafungwa kwa mkanda wa gari. Chukua viti vyenyewe uende navyo siku ya kulitazama gari, uvifunge pale pale, uvitikise. Vuta kila mkanda wa nyuma mpaka mwisho, uuangalie kama umechakaa kingo, uuachie uone kama unarudi, uupige mvuto wa ghafla uone kama unashika. Nafasi ya katikati nyuma mara nyingi ina mkanda wa kiunoni tu, na tuta la propela linakula mahali pa miguu, kwa hiyo hesabu magari haya kuwa ya watoto wawili, si watatu. Mikoba ya hewa usiitegemee. Na matairi: tazama namba nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni, mbili ni wiki na mbili ni mwaka. Kwenye difu nyuma, matairi mazuri yawe nyuma daima, na yote manne yawe ya aina moja. Nyuma ikiteleza kwenye mvua na familia ndani, hapo si darasani.

Basi, jibu langu: chukua 525i. Nasema hivyo kwa sababu lina gia za mkono, wewe una mikono, na ugonjwa wake ni wa kuzuia mapema kwa kazi unayoiweza. Kama hiyo uliyoiona haifai, chukua 300E na uupende mwendo wake, ukijua sindano ya mafuta itakudai kusoma. Mark II iwe ya tatu, labda uipate ile adimu isiyoguswa, na hata hapo uichukue ukiwa na mpango wa kuijenga.

Siku ya kwenda kuiona E34, mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti kwa kiganja. Likiwa la moto, kuna anachokificha. Fungua tangi la maji ya rejeta injini ikiwa baridi, utazame rangi. Utelezi wa kahawia kama maziwa yaliyoharibika ni oili, funga uage. Washa, usikilize cheni sekunde za kwanza. Lala chini na tochi uangalie duara la mpira linalounganisha giaboksi na propela, kama lina nyufa zinazopita hadi kwenye bolti. Endesha hadi kilomita 90 kwa saa, gusa breki kidogo, usikie usukani. Mtikisiko ni wa kujadili bei, haukuvunjii safari. Halafu rudi, egesha, iache ingurume dakika ishirini kiyoyozi kikiwa wazi, na wewe usitoe jicho kwenye mshale wa joto. Ukikaa katikati bila kujigusa, toa pesa. Ukianza kupanda, hata kwa upana wa mshale wenyewe, na mwenye gari akakwambia ndivyo zilivyo zote, mrudishie funguo kwa heshima uende ukaione Mercedes.